Dawati la Isongole

Alhamdulillahi, katika umri wetu tumesafiri mara nyingi kwenda harusini, mazikoni na katika Maulidi, lakini safari tunayotaka kuwahadithia wasomaji wetu leo ilikuwa ya kwenda kununua kitu; nasi tulirudi bila ya kitu hicho.

Habari ilitufikia Mbeya, msikitini, baada ya sala ya Alasiri, kwa kinywa cha dalali mmoja ambaye hatutamtaja. Alisema kuwa huko Isongole, katika wilaya ya Rungwe, iko nyumba ya Waislamu ambamo limo dawati la kale la kuandikia, lililotiwa njumu ya pembe na fedha, "kazi ya Waarabu wa zamani, Maalim, kama ya jumba la Sultani," nalo linauzwa kwa shilingi 350,000. Wakati huo mkononi mwetu mlikuwamo shilingi 400,000 zilizochangwa na wazazi wa chuo chetu. Fedha hizo zilichangwa ili watoto watengenezewe madawati, yaani yale mabao ya kukalia na kuandikia, kwa kuwa wengi wao bado huandika wakiwa wamekaa mkekani na daftari limelala juu ya goti. Basi shetani hakukosa la kutunong'oneza. Tulijiambia kuwa vitabu vya kumbukumbu za chuo vyaliwa na mchwa ndani ya makatoni. Tena kwamba chuo chenye heshima chataka mahali pa heshima pa kuwekea kumbukumbu zake. Na kwamba, kwa vyovyote, dawati ni dawati. Tukampa dalali arubuni ya shilingi 50,000, tukafunga safari.

Neno hili lenyewe lina safari yake. Kwa Kiarabu asili yake ni kidau cha wino. Wazee wa pwani walipolitamka walikusudia kisanduku cha mwandishi, chenye kalamu, wino na karatasi, ambacho karani au kadhi aliweza kukichukua kwapani. Zilipokuja shule neno likaota miguu, likawa bao la darasani. Mtoto wa leo ukimwambia alete dawati atakushangaa, maana atadhani wamtaka abebe kitu cha kubebwa na watu wawili.

Tuliondoka siku ya Jumamosi, sisi na fundi seremala mmoja wa Uyole, mtu wa makamo, mwenye kuzijua mbao kama tabibu azijuavyo homa. Atokaye Mbeya akifika Uyole huiacha njia kuu ya Iringa na Dar es Salaam, akashika mkono wa kulia, njia iendayo Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Hapo gari huanza kupanda milima ya Poroto. Mwenye shuka hujifunika, na mwenye majivuno ya kutovaa sweta huanza kuyajutia. Ilikuwa mwezi wa Juni, na wenyeji wa nyanda hizi wajua maana ya Juni. Tulipofika Isongole ukungu ulikuwa haujanyanyuka, na watu barabarani walionekana nusu, kama waliokatwa kiunoni na wingu.

Nchi hii ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe, wenye urefu wa kadiri ya mita 2,960, husimama upande mmoja. Na upande wa pili, ndani ya msitu wa Poroto, liko Ziwa Ngosi, lililojaa katika kasoko ya mlima uliolipuka zamani. Udongo ni mweusi na mwepesi, majivu ya moto wa kale, na ndani ya udongo huo Mwenyezi Mungu amejaalia viazi mviringo. Ukishuka kuelekea Kiwira na Tukuyu utaona migomba na chai; lakini hapa juu ni viazi, kabichi na pareto. Viazi hupangwa kando ya barabara katika ndoo, na nyuma ya ndoo yamesimama magunia yakingoja malori ya Dar es Salaam. Tuliyaona magunia yenye vilemba, yaani yaliyoshonewa juu kipande cha pili hata yakawa marefu kuliko mchukuzi. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo serikali imeikataza mara nyingi. Mkulima huuza kwa bei ya gunia moja na mnunuzi huondoka na gunia na nusu. Tulitikisa kichwa tukamwambia fundi kuwa Kurani imeshusha sura nzima juu ya wapunjao vipimo. Fundi akajibu, "Kweli, Maalim," kisha akatuuliza kama madawati ya watoto yatatengenezwa lini. Hatukumjibu.

Nyumba tuliyoiendea iko nyuma ya mashamba, mwendo wa robo saa kutoka barabarani. Mwenyewe ni bibi mjane, umri wake wapata miaka themanini na ushei. Tulibisha hodi, tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Ndaga," akasema, na ndaga ndiyo shukrani ya Kinyakyusa. Mjukuu wake wa kike akatuletea chai na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na kwa baridi ile hatukungoja kubembelezwa. Dalali alikuwa amekwisha fika kabla yetu.

Dawati lilikuwa pembeni mwa chumba, limefunikwa kitenge, na juu ya kitenge pana beseni la maharage. Bibi akaliondoa beseni mwenyewe, akakunja kitenge mara nne kama akunjavyo mtu msala wake, akarudi nyuma.

Ndugu wasomaji, tulitaka kusema neno tukashindwa. Lilikuwa sanduku la urefu wa dhiraa moja na upana wa shibiri moja na nusu, ambalo fundi wa huku alilitia baadaye miguu minne ya mninga, migumu, isiyofanana nalo hata kidogo. Lakini sanduku lenyewe! Kila upande umezungukwa na utepe mweupe, na ndani ya utepe ni nyota, nyota, nyota. Nyota ndogo kuliko punje ya mtama, nyeupe, nyeusi, za kijani, na nyingine zing'aazo kama magamba ya samaki. Likifunguliwa, mfuniko na kitako hulala pamoja vikafanya ubao wa mshazari wa kuandikia, uliovikwa mahameli iliyokuwa nyekundu. Juu yake mna vyumba vya kalamu na visima viwili vya vidau vya wino. Na harufu ya sandali ilikuwamo bado, dhaifu, kama harufu ya chumba alichopita bibi harusi jana.

Fundi alipiga magoti mbele yake. Alitoa miwani, akatazama nusu saa bila ya kusema. Kisha akasema, "Maalim, hii si kazi ya Mwarabu."

Alisema kweli. Kazi hii ni ya Bara Hindi, na Wahindi huiita sadeli. Inasimuliwa kuwa ilitoka Shiraz katika Uajemi, ikapita Sindhi na Surat, ikatia nanga Bombay, mji uitwao sasa Mumbai. Na katikati ya karne ya 19 mafundi wa Bombay walisifika kwayo hata London, ambako masanduku yao yalionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851. Mtu atazamaye nyota hizo hudhani fundi alizipachika moja moja, na kwamba alikufa kipofu. Sivyo. Fundi huchonga vijiti virefu vyembamba vya pembe tatu: vya pembe ya ndovu, vya mpingo, vya sandali, vya pembe ya mnyama iliyotiwa rangi ya kijani, na vya bati. Huvikusanya kama kuni, akavipanga hata ncha zao zikafanya nyota, akavifunga kwa gundi viwe mti mmoja. Mti ukikauka huukata kwa msumeno mwembamba, vipande kama karatasi, kama mtu akatavyo muhogo. Na kila kipande ni nyota ile ile. Vipande hivyo ndivyo hubandikwa juu ya sanduku. Basi ile iliyoitwa fedha na dalali ilikuwa bati. Tulimwambia, akatazama nje.

Lakini ule utepe mweupe ulikuwa pembe kweli. Fundi alitueleza jinsi ya kutambua: mfupa una vitobo vidogo vyeusi, palipopita damu ya mnyama, pembe ya ndovu haina vitobo, na mahali ilipokatwa kukingama huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Ama ya bandia, ukiigusa kwa sindano ya moto huyeyuka. Katika pembe ya mfuniko, palipomeguka kidogo, wavu ule ulionekana.

Hapo ndipo fikra ilipotupata. Pembe nyingi za bara hii katika karne ya 19 zilishuka pwani, zikavuka Unguja, zikapelekwa Bombay. Huko zikakatwa bangili za maharusi na tepe za masanduku kama hili. Hatuwezi kujua ndovu huyu alifia wapi. Lakini wazee wa Rungwe na ndugu zao Wangonde wa ng'ambo ya mto Songwe wanajua pembe zilivyochukuliwa. Kusini mwa hapa, karibu na Karonga, palikuwa na ngome ya Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye watu wake waliwaua Wangonde wengi mwaka 1887, na ambaye Waingereza walimnyonga mwaka 1895. Alikuwa na jina la Uislamu, nasi si vizuri tukawaficha vijana wetu jambo hilo. Jirani zetu hawakulisahau. Pembe zilibebwa na mabega ya watu. Huenda iliyoondoka nchi hizi na damu imerudi na nyota, ikawekewa beseni la maharage.

Tukamwambia Bibi habari hiyo, na pia tukamweleza ya sheria. Biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa azimio la mataifa la mwaka 1989. Na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na pembe bila ya kibali ni kosa, maana hiyo huhesabiwa nyara ya serikali, hata ikiwa imechongwa. Kwa hiyo kitu hiki hakiuzwi njiani kama kitanda; yampasa mwenyewe akakionyeshe kwanza kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Bibi alisikiliza kwa makini, akauliza, "Na asiye mwenyewe je?"

Tukamtaka atufafanulie. Ndipo aliposimulia.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la Banyani mmoja mwenye duka Tukuyu. Mwaka 1971 ilipotoka sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha, Wahindi wengi wa nchi hii walianza kufunga biashara zao, na mwaka uliofuata huyu naye akafunga. Usiku wa kuondoka alilileta dawati kwa lori lile lile, likiwa limeviringwa blanketi. "Lilikuwa la baba yake," akasema Bibi. "Alisema, nitunzieni, nikikaa sawa nitatuma mtu. Mume wangu akasema, litakuwapo. Basi." Mtu hakutumwa. Mume alifariki mwaka 2004, na kabla ya kufariki alimkumbusha mkewe juu ya dawati kama mtu amkumbushaye mwenziwe deni. Bibi amelipangusa kila Ijumaa. Lakini sasa bati za jikoni zimetoboka, wanawe walioko Dar es Salaam wamechoka kuombwa, nao ndio waliomtuma dalali.

Dalali akadakia. "Bibi, miaka hamsini imepita! Huyo amekufa zamani. Tena alikuwa Banyani, hata si Muislamu."

Bibi hakumtazama. Alitutazama sisi. "Wewe ndiwe mwenye chuo, mwanangu. Nambie, ni halali yangu kuuza?"

Wasomaji wetu, jawabu tulilijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Tukasema kuwa Adhuhuri imeingia, tukaomba maji. Maji ya Isongole katika mwezi wa Juni huuma kama nyuki. Tulitawadha polepole, tukasali, tukakaa tukivuta tasbihi muda mrefu kuliko desturi yetu. Na ukweli ni kwamba hatukuwa tukihesabu dhikri. Tulikuwa tukihesabu shilingi 400,000 za watu ambazo tumezitoa katika njia yake kwa hila ya neno moja, ilhali bibi asiyesoma zaidi ya juzuu ya Amma amekaa nusu karne na mali ya mtu asiyerudi, na bati linavuja.

Tuliporudi tulisema lile lipasalo. Amana haigeuki kuwa milki kwa kupita miaka, wala hairithiwi kuwa mali. Mtunzaji akifa, warithi wake huipokea wakiwa watunzaji. Ama hilo la kuwa mwenyewe si Muislamu, tukamkumbusha dalali habari ya Hijra. Makureshi walikuwa wakiweka amana zao kwa Mtume (s.a.w.), ingawa hawakumwamini kwa dini, na usiku ule walipokula njama ya kumwua, mwaka 622, yeye alimwacha Ali bin Abi Talib Makka ili arudishe amana za watu hao hao. Ali alikaa siku tatu akirudisha. Kama iko hoja ya kula amana ya asiye Muislamu, usiku huo ndio uliofaa kuitoa, wala haikutolewa.

Tukamweleza pia kuwa dini haikumfungia mlango. Mtunzaji aliyechoka aweza kuikabidhi amana kwa mwenyewe, au kwa wakili wake, au kwa kadhi, au kwa mtu mwaminifu. Na mwenyewe akitafutwa, yeye na warithi wake, hata tamaa ikakatika, wanavyuoni wameeleza njia ya kuitoa mali hiyo kwa niaba yake katika mambo ya kheri. Lakini kutafuta ni kwanza, na kutafuta hakujafanywa.

"Basi mpe Maalim akutunzie," akasema dalali. "Mtu mwaminifu si huyu?"

Bibi akatutazama kwa matumaini. Nasi, kwa kuwa tunaijua nafsi yetu, tukakataa. Dawati hilo lingeingia chuoni, na kabla ya mwezi kwisha vitabu vya kumbukumbu vingekuwa ndani yake na kiwiko chetu juu yake. Na amana haitumiwi.

Wakati tukisema hayo fundi alikuwa hajaliacha sanduku. Akatuita. Nyuma ya chumba cha kalamu alikuwa amekiona kibao kisicho na msumari. Akakibonyeza, kikaruka, na nyuma yake zikaonekana saraka mbili ndogo kama viberiti. Bibi akashika mdomo. Miaka yote alikuwa hajui. Ndani mlikuwamo ncha tatu za kalamu zilizoota kutu na karatasi nne zilizoandikwa Kigujarati. Hatukuzichukua. Tulizipiga picha kwa simu, tukazirudisha.

Mbeya tulimwonyesha picha hizo Mhindi mmoja mzee mwenye kusoma hati ile. Alisoma moyoni, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Zilikuwa hesabu za duka tu: chumvi, mafuta ya taa, majembe, kanga. Lakini juu ya karatasi ya mwisho paliandikwa jina la mwenye duka na la mji wa Porbandar, na chini yake pesa za mshahara wa dereva, zilizolipwa. Mzee yule akasema anao jamaa upande huo, atawaandikia. Ameandika. Hadi kushika kalamu hii jawabu halijarudi.

Madawati ya chuo yametengenezwa na fundi yule yule, kwa mbao za msindano, mengi kadiri fedha ilivyoruhusu. Na upungufu wa arubuni tumeulipa kutoka mfukoni mwetu baada ya kuwaeleza wazazi yote tuliyowaeleza ninyi. Wengine walicheka, mmoja hakucheka. Dalali amerudisha shilingi 20,000. Zilizobaki asema zitakuja.

Mwezi wa Rajabu tulipita Isongole tena, njiani kwenda mazikoni Tukuyu, tukasimama kumsalimu Bibi. Alikwisha kwenda kwa afisa wa wanyamapori na mjukuu wake, akaandikiwa habari zake, akaambiwa asubiri. Jikoni palikuwa na bati mpya sita. Alituambia kuwa fundi alikuja nazo peke yake siku moja, akazipigilia, akanywa chai, akaondoka. Fundi mwenyewe hakupata kutugusia. Tulimwomba Bibi atuuzie viazi. Akalitia debe letu hata likafika ukingo, akalifuta kwa kiganja liwe sawa, akapokea fedha, kisha akaongeza viazi vitatu vikubwa juu, akarudi ndani kupembua maharage yake, na beseni lilikuwa pale pale juu ya kitenge.